Umaliziaji wa Supa Gluu kwenye Kalamu za Mbao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kasoro na Namna ya Kuzitatua

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wakerezaji wa kalamu huyarudia, hasa wale waliokwisha kujua kukereza vizuri lakini wakakwama kwenye hatua ya mwisho. Kasoro nyingi za utando wa gundi huonekana baada ya hatua iliyozisababisha kupita, na ndiyo sababu majibu mengi yanarudi nyuma, kwenye mbao yenyewe, unyevu wake na muda ulioachwa kati ya tabaka moja na jingine.

## Mambo ya msingi

Ni gundi gani inayotumika, na inatofautianaje na vanishi?

Ni gundi ya sianoakrilati, ambayo wengi huiita supa gluu. Vanishi nyingi hutegemea kiyeyushi kigeuke mvuke, lakini gundi hii huganda kwa sababu molekuli zake huungana na kuwa mnyororo mrefu wa plastiki mara zinapokutana na unyevu kidogo ulio hewani na juu ya mbao. Ikiganda inakuwa ngumu, angavu, haiathiriwi na jasho la mkono, na hung'arishwa hadi ikafanana na kioo. Kwa kitu kinachoshikwa kila siku kama kalamu, sifa hizo ni vigumu kuzipata kwa nta au kwa mafuta peke yake.

Gundi hii ilipoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1958 ilikusudiwa kuunganisha vitu viwili, yaani ikae katika nafasi nyembamba sana kati ya nyuso mbili. Anayeipaka wazi, tabaka juu ya tabaka, anaitumia katika hali ambayo maelezo ya chupani hayaizungumzii, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini inatokana na tofauti hiyo.

Nitumie gundi nyepesi, ya wastani au nzito?

Gundi nyepesi, inayotiririka kama maji, hupenya kwenye vinyweleo vya mbao, kwa hiyo inafaa kwa matabaka mawili au matatu ya kwanza ya kuziba na kuimarisha. Gundi ya wastani ndiyo inayojenga unene wa utando. Gundi nzito ni ya kujazia mashimo na nyufa za asili, na haifai kupakwa mwili mzima wa kalamu kwa sababu tabaka lake nene huganda juu kabla ya ndani, jambo linaloleta ukungu na povu.

Matabaka mangapi yanatosha?

Hakuna idadi moja, ingawa wengi huishia kati ya matabaka sita na kumi na mawili. Kipimo cha kweli ni unene: utando uwe mnene kiasi cha kuvumilia msasa wa kusawazisha bila kufichua mbao, wala usipite hapo, kwani utando uliozidi hupasuka kwa urahisi na hufanya mwili wa kalamu upande juu ya ukingo wa sehemu za chuma. Kereza mbao iwe chini kidogo ya kipenyo cha bushi (zile pete zinazokaa kwenye ncha za mbao juu ya mashine na kuonyesha kipenyo kinachotakiwa), karibu sehemu ya kumi ya milimita, kisha acha gundi ijaze tofauti hiyo. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Jicho halitoshi kwa kazi hii.

Mbao iandaliwe vipi kabla ya tone la kwanza?

Isuguliwe kwa msasa hadi namba 400 au 600, na kila namba imalizie kwa kusugua kwa urefu huku mashine ya kukerezea imezimwa. Vumbi lote litolewe kwa hewa ya kupuliza au kwa karatasi safi, kwa sababu vumbi linalobaki kwenye vinyweleo litafungiwa humo daima. Kwenye mbao nyeupe kuna hatari ya ziada: msasa unaogusa bushi za chuma hubeba unga mweusi na kuupaka kwenye ncha za kalamu, na tabaka la kwanza la gundi hulifanya doa hilo lisifutike. Kwa mbao za namna hiyo, ondoa bushi za chuma kabla ya kuanza msasa, uweke zile za plastiki.

Je, mvuke wake una madhara?

Mvuke wa gundi hii huwasha macho, pua na koo, na kwa baadhi ya watu muwasho huongezeka kadiri wanavyoendelea kuutumia. Fanya kazi penye hewa inayopita, vaa miwani ya kinga, na usiinamishe uso juu ya kazi. Usitumie kitambaa cha pamba kupakia wala glavu za pamba: gundi inapoloweka pamba au sufu huganda kwa kasi na kutoa joto linaloweza kuunguza ngozi na hata kufuka moshi. Vidole vikigandana, usivivute. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha vitenganishe taratibu kwa kuvizungusha. Ikiingia jichoni, usilazimishe kope zifunguke. Suuza kwa maji ya uvuguvugu na umwone daktari.

## Kasoro zinazojitokeza wakati wa kupaka

Kwa nini kuna ukungu mweupe chini ya utando?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halipatikani mpaka ujue ukungu uko wapi. Pitisha msasa laini juu ya sehemu ndogo, kisha ulowanishe kwa maji. Ukungu ukitoweka, ulikuwa juu tu, na huenda ni unga mweupe unaotokana na mvuke wa gundi uliopanda na kurudi kutua juu ya kazi. Huondolewa kwa msasa wa kawaida wa kung'arisha. Ukungu ukibaki palepale, umefungiwa ndani, na hakuna kiasi cha kung'arisha kitakachoufikia.

Ukungu wa ndani una vyanzo vitatu vya kawaida. Cha kwanza ni unyevu: mbao isiyokauka vizuri, au maji ya msasa yaliyopita kwenye ncha zisizozibwa, au hewa yenye unyevunyevu mwingi siku ya kupaka. Cha pili ni kiharakishi, ile dawa ya kupuliza inayofanya gundi igande papo hapo, ikipulizwa kwa karibu au kwa wingi. Cha tatu ni haraka, yaani kuweka tabaka jipya wakati la chini bado ni bichi. Ukungu wa unyevu mara nyingi huanzia kwenye ncha na kuingia ndani; wa kiharakishi hutokea kwa madoadoa palipopata dawa nyingi; na wa haraka huenea mwili mzima kama moshi hafifu.

Tiba ya vyote vitatu ni moja: shuka kwa patasi kali au msasa mpaka tabaka lenye ukungu liishe, acha kazi ikauke hadi siku inayofuata, kisha jenga upya kwa matabaka membamba. Kupaka gundi zaidi juu ya ukungu kwa matumaini kwamba utafifia hakujawahi kusaidia, kwa kuwa utando unaoongezwa ni angavu na utaonyesha kilicho chini yake kwa uwazi uleule.

Povu dogo au vitundu vimetokea mara tu baada ya kupuliza kiharakishi. Kimetokea nini?

Gundi hutoa joto inapoganda. Tabaka nene likigandishwa kwa ghafla, joto hilo hukusanyika na kuichemsha gundi yenyewe, na viputo hukwama humo kabla ya kupata njia ya kutoka. Paka tabaka jembamba, lipe sekunde chache lijisawazishe, kisha puliza kidogo ukiwa umbali wa mkono mmoja au zaidi. Mimi napendelea kuacha kiharakishi kabisa kwenye matabaka ya juu: dakika tatu au nne za kungoja hutoa utando ulio safi zaidi na usiovunjika upesi.

Kwa nini uso una matuta na mikunjo?

Kwa sababu karatasi ya kupakia ilipita mahali ambapo gundi ilikuwa imeanza kushika. Dirisha la kufanyia kazi ni fupi. Weka matone machache kwenye karatasi iliyokunjwa, shika chini ya mbao inayozunguka polepole, pitisha kutoka ncha moja hadi nyingine mara mbili au tatu, kisha ondoa mkono. Mapito ya nne na ya tano, yanayofanywa kwa nia njema ya kusawazisha, ndiyo yanayoleta matuta. Mzunguko wa mashine usizidi takribani mizunguko 1000 kwa dakika. Ukizidi, gundi hurushwa usoni, na kinachobaki hujikusanya kwenye mistari.

Matuta madogo si msiba. Yasawazishe kwa msasa wa 400 kabla ya kuendelea, wala usitarajie kwamba tabaka linalofuata litayafunika, kwa maana gundi hufuata umbo la kilicho chini yake.

Karatasi imenata na kuacha nyuzi ndani ya utando. Nifanyeje?

Simamisha mashine, acha gundi igande kabisa, kisha sugua nyuzi hizo hadi ziishe. Ukijaribu kuzing'oa zikiwa mbichi utavuta na gundi yenyewe. Ili jambo hili lisirudie, tumia karatasi ya kufutia isiyotoa manyoya, au kipande cha sponji nyeupe ya kufungashia vifaa, ile ya polietilini, ambayo supa gluu haiishiki kwa urahisi. Badilisha sehemu safi ya karatasi kwa kila tabaka.

Gundi inabaki ikinata kwa muda mrefu. Je, imeharibika?

Inawezekana. Gundi ya zamani huwa nzito kuliko ilivyonunuliwa, na hiyo ni dalili ya kwanza. Kwa jaribio rahisi, paka tone jembamba kwenye kipande cha mbao ya kawaida iliyo kavu: likishika kwa wakati wake, chupa haina kosa na tatizo liko kwenye mbao au hewa. Hewa kavu mno huchelewesha kuganda kwa kuwa unyevu unaoianzisha kazi ni haba, na baridi hufanya vivyo hivyo. Baadhi ya mbao zina asidi ya asili, na asidi huizuia gundi hii. Hapo kiharakishi kidogo kwenye tabaka la kwanza kina maana. Kwa mbao zenye mafuta, soma jibu linalofuata.

Mpingo na mbao nyingine zenye mafuta hukataa gundi. Kuna njia gani?

Mpingo, kokobolo na jamaa zao wa jenasi ya Dalbergia, pamoja na mzeituni, hubeba mafuta na utomvu unaopanda juu kila uso mpya unapofunuliwa. Gundi hushika mafuta badala ya mbao, na utando mzima huweza kubanduka kama ganda baada ya wiki kadhaa. Futa mbao kwa asetoni kwenye karatasi safi hadi karatasi isichukue tena rangi nyingi, subiri dakika chache ikauke, kisha paka gundi nyepesi mara moja, kabla mafuta hayajapanda tena. Anayefuta asubuhi na kupaka jioni amerudi alikoanzia.

Kuna jambo ambalo naona linasahaulika. Mpingo hung'aa wenyewe ukisuguliwa vizuri na kupakwa nta, na si kila mbao inahitaji kuvikwa plastiki. Mteja akitaka kuhisi mbao chini ya vidole, huo ndio umaliziaji wa kumpa.

Vinyweleo vikubwa vinaonekana kama vishimo hata baada ya matabaka mengi. Navijazaje?

Sugua kwa msasa wa 320 huku gundi nyepesi ikiwa bado mbichi, ili unga wa mbao ileile uchanganyike na gundi na kujaza vinyweleo, kisha acha igande na usawazishe. Fanya hivyo mapema, kwenye matabaka mawili ya mwanzo, kwa sababu vishimo vilivyoachwa hadi mwisho vinahitaji gundi nzito, tone kwa tone, na subira nyingi zaidi.

## Kusugua na kung'arisha

Baada ya kusugua naona vidoa vinavyong'aa kwenye uso uliofifia. Ni nini?

Ni mabonde. Msasa umefikia sehemu zilizoinuka na kuzifanya zififie, lakini sehemu za chini bado zina mng'aro wa gundi ya awali. Usianze kung'arisha. Endelea na msasa uleule hadi uso wote ufifie kwa usawa, na kama unahofia kufikia mbao, ongeza matabaka mawili kwanza. Atakayepuuza vidoa hivi atavikuta tena mwishoni, safari hii vikionekana kama mawimbi kila mwanga unapopita juu ya kalamu.

Nimesugua hadi nikafikia mbao. Je, naweza kuziba sehemu hiyo tu?

Kwa kawaida hapana. Mbao iliyofunuliwa huonekana kama kisiwa chenye rangi hafifu na ukingo unaofifia. Ukiipaka peke yake, mpaka wa viraka viwili utaonekana. Sugua mwili mzima kwa wepesi, futa vumbi na maji yote, acha ikauke vizuri, kisha paka gundi nyepesi mwili mzima na kuendelea na ya wastani. Mahali panapofikiwa mara nyingi ni kwenye ncha na juu ya uvimbe wa kalamu, hivyo mkono uwe mwepesi sehemu hizo.

Mistari ya duara haiondoki hata kwa pedi laini kabisa. Kwa nini?

Mistari hiyo iliachwa na msasa wa mwanzo, na pedi laini haina ukali wa kuiondoa. Rudi kwenye namba iliyoiacha, zima mashine, sugua kwa urefu hadi iishe, kisha panda namba moja baada ya nyingine bila kuruka. Seti ya kawaida ya pedi za kung'arishia huanzia 1500 hadi 12000, lakini namba hizo zina kipimo chake: pedi ya 1500 ina ukali unaokaribia ule wa msasa wa kawaida wa 400 hadi 600. Aliyemaliza kwa msasa wa 240 na kurukia pedi hizo ameacha pengo ambalo hakuna kinachoweza kulijaza.

Je, ni lazima kusugua kwa maji?

Si lazima, lakini maji hupoza uso na kuondoa unga unaokwaruza. Joto la kusugua pakavu kwa kasi hulainisha utando na linaweza kuleta nyufa ndogo kama utando wa buibui. Sharti la maji ni kwamba ncha za mbao ziwe zimezibwa kwa gundi nyepesi kabla ya kuanza. Ncha zilizo wazi hufyonza maji, mbao huvimba, na ukungu uliotajwa katika jibu la kwanza la sehemu iliyotangulia huingia kwa mlango huo.

## Kutoa kazi kwenye mashine na kuunganisha

Kalamu imegandana na bushi, na nikiitoa utando unachunika. Naizuiaje hali hii?

Gundi hutiririka hadi kwenye bushi na kujenga daraja juu ya kiungo. Ukilivunja kwa nguvu, ufa hufuata njia iliyo rahisi, na mara nyingi njia hiyo ni kuelekea kwenye kalamu. Kata daraja hilo kwanza kwa ncha ya kisu kikali huku ukizungusha kazi kwa mkono. Njia bora zaidi ni kutumia bushi za plastiki zenye umbo la koni wakati wa kupaka, kwani gundi haishiki polietilini wala Teflon. Nta juu ya bushi za chuma husaidia, ila ikigusa mbao italeta tatizo linaloelezwa katika jibu kuhusu nta lililo hapa chini.

Baada ya kuitoa, sawazisha kila ncha kwenye msasa uliolazwa juu ya kitu bapa, ukiishika kalamu wima. Kisha ziba ncha hizo tena kwa gundi nyepesi.

Utando ulipasuka nilipokuwa nikibonyeza sehemu za chuma. Kosa liko wapi?

Chungulia ndani ya kibomba cha shaba, kile kilichogundishwa ndani ya mbao na ambacho sehemu za chuma huingizwa humo. Tone la gundi lililoganda humo hupunguza kipenyo, na sehemu ya chuma ikilazimishwa hutanua kibomba, kibomba hutanua mbao, na utando usiojua kunyumbuka hupasuka. Safisha ndani kwa kisu au faili ndogo ya mviringo, jaribu kuingiza sehemu hiyo kwa mkono kwanza, na uhakikishe unabonyeza kwa mstari ulionyooka. Ncha isiyo ya pembe mraba huelemea upande mmoja na kuleta ufa hata kibomba kikiwa safi.

## Matatizo ya baadaye na hali za pekee

Ufa umetokea miezi kadhaa baadaye kwa urefu wa kalamu. Ni gundi mbaya?

Karibu kila mara ni mbao. Mbao hunywea ikipoteza unyevu, lakini kibomba cha shaba kilicho ndani yake hakinywei, hivyo mbao huvutika juu yake mpaka iachie. Utando wa gundi hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, lakini hauukomeshi. Kipande kilichokatwa kwenye mti mbichi au kilichokaa mahali penye unyevu kinahitaji kukauka kabla ya kukerezwa. Ukiwa na mashaka, kitoboe, kiache siku kadhaa, kisha ndipo ugundishe kibomba. Mbao zenye mafundo na mistari iliyojipinda, ambazo ndizo nzuri kuliko zote kwa macho, hupasuka kuliko zile zenye nyuzi zilizonyooka.

Ufa mwembamba unaweza kujazwa kwa gundi nyepesi na kusuguliwa upya, lakini ukifunguka mara ya pili, tengeneza mwili mwingine.

Je, naweza kupaka gundi juu ya mbao iliyokwisha kupakwa nta au mafuta?

Juu ya nta, hapana. Nta na silikoni huifukuza gundi, na utaona vijiduara vitupu ambavyo gundi imevikimbia. Ondoa kwa asetoni na msasa hadi kwenye mbao safi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa ni jambo tofauti: wako wanaoyapaka kwa uchache sana ili kukoleza mistari ya mbao. Yakifutwa vizuri na kuachwa yakauke, gundi hushika. Yakibaki mabichi, utando huwa laini na wenye ukungu. Matambara au karatasi zilizolowa mafuta hayo zitandazwe nje zikauke, zisirundikwe, kwa kuwa hujipasha joto na zinaweza kuwaka zenyewe.

Nawezaje kuondoa utando wote na kuanza upya?

Patasi kali au kikwangulio ndiyo njia ya haraka na safi, ikifuatiwa na msasa wa 220. Asetoni huilainisha gundi iliyoganda, lakini kwa polepole, na huweza kufyonzwa na mbao pamoja na gundi iliyoyeyuka, au kuharibu kiungo cha kibomba kama nacho kiligundishwa kwa supa gluu. Pima kipenyo baada ya kuondoa: kila mara unapoanza upya unapoteza mbao kidogo, na baada ya mara ya pili mwili huwa chini ya ukingo wa chuma kiasi cha kuhisiwa na kidole.

Mteja amerudisha kalamu yenye mikwaruzo. Ni lazima niitenganishe?

Kwa mikwaruzo ya juu juu, la. Funika sehemu za chuma kwa utepe wa karatasi, sugua kwa mkono kwa urefu kuanzia pedi ya 4000 kwenda juu, umalizie kwa dawa ya kung'arishia plastiki. Usitumie maji mengi, kwa sababu yatapita kwenye viungo. Mikwaruzo inayonasa ukucha inahitaji gundi mpya, na hiyo haipakwi vizuri pasipo mashine. Hapo sukuma sehemu za chuma nje kwa fito linalolingana na kibomba, ukikumbuka kwamba baadhi ya kalamu hazivumilii kutenganishwa. Mwambie mteja kabla ya kuanza.

Gundi ihifadhiwe vipi ili isiharibike?

Chupa isiyofunguliwa hudumu zaidi kwenye jokofu. Ukiitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, vinginevyo unyevu wa hewa utatua ndani yake na kuanza kuigandisha. Chupa iliyofunguliwa ikae wima, mahali pakavu na baridi, mbali na kiharakishi, kwa sababu hata mvuke wa dawa hiyo kwenye kabati moja huweza kuinenesha. Nunua chupa ndogo utakazozimaliza ndani ya miezi michache, na uandike tarehe ya kufungua juu ya kila moja.